Kabla ya Kuomba Mkanda Mpya

Katika mambo yanayoulizwa na wanafunzi wa karate na judo, na zaidi na wazazi wanaowapeleka watoto wao katika mazoezi hayo, hakuna linaloulizwa kwa shauku kubwa kuliko lini mkanda utabadilika rangi, wala hakuna linaloulizwa kwa uchovu mkubwa kuliko kwa nini kata zile zile hurudiwa mwaka baada ya mwaka. Maswali haya mawili huulizwa mbalimbali, mkanda ukahesabiwa jambo lake na kata jambo lake. Naandika makala haya kwa kuwa naamini kwa dhati kwamba swali ni moja, na kwamba mtu akishafahamu kata iliwekwa kwa kazi gani, atajua mwenyewe, pasipo kuambiwa na mtu, wakati gani anastahiki kuomba mkanda na wakati gani yampasa angoje.

Mikanda si ya kale kama inavyodhaniwa. Katika vyuo vya zamani vya mapigano vya Japani mwanafunzi hakufungwa rangi yoyote kiunoni. Alikaa na mwalimu wake miaka mingi, akapewa hati ya kukunjwa iliyoorodhesha mafunzo aliyoyapokea, na baada ya miaka mingine akapewa idhini ya kufundisha, na wachache mno miongoni mwao wakafikia daraja ya kukabidhiwa ilimu yote ya chuo. Kano Jigoro, aliyeasisi judo na chuo chake, Kodokan, mwaka 1882 katika hekalu la Kibuddha mjini Tokyo akiwa bado kijana, aliona kwamba masafa baina ya hati moja na nyingine ni marefu kupita kiasi, na kwamba moyo wa mwanafunzi huhitaji kutiwa nguvu angali njiani. Basi akachukua madaraja ya dan yaliyokuwa yakitumika katika mchezo wa go, na mwaka 1883 akawapa dan ya kwanza wanafunzi wake wawili, Tomita Tsunejiro na Saigo Shiro. Mkanda mweusi ulikuja baada ya hapo. Karate ikauazima kutoka judo: Funakoshi Gichin alitoka Okinawa akaja Tokyo mwaka 1922, akaonyesha kata Kodokan mbele ya Kano mwenyewe, na mwaka 1924 akatoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate. Ama rangi nyingi tunazoziona leo, manjano na machungwa na kijani na buluu, zilipata kuenea hasa Ulaya, na anayetajwa mno katika jambo hilo ni Kawaishi Mikonosuke, mwalimu wa judo aliyefika Paris mwaka 1935 na kuona kwamba wanafunzi wake wa huko walihitaji kuona maendeleo yao kwa macho.

Siyataji haya kwa kuudharau mkanda. Kano alikuwa mwalimu kwa taaluma na kwa tabia, naye alijua alifanyalo. Mtu hufurahi kuonyeshwa kwamba amesogea, na furaha hiyo ni halali. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba Itosu Anko wa Shuri na Higaonna Kanryo wa Naha, walimu wa Okinawa, ambao karibu kila karate ya leo ina nasaba na mmoja wao au na wote wawili, walijifunza na kufundisha pasipo mkanda wa cheo, ilhali hakuna hata mmoja kati yao aliyejifunza au kufundisha pasipo kata. Higaonna aliwaweka wanafunzi wake katika kata moja, Sanchin, kwa miaka kabla ya kuwafungulia nyingine. Funakoshi naye alisimulia kwamba alitumia miaka kumi katika kata tatu za Naihanchi, ambazo yeye mwenyewe baadaye aliziita Tekki. Kama mabwana hao wangeulizwa mwanafunzi fulani amefika wapi, wangetazama kata yake, si kiuno chake.

Basi kata ni nini? Mtoto wa pwani aliyepita chuoni atanielewa upesi. Huhifadhi sura kwa sauti na tajwidi kabla hajajua maana ya aya hata moja, na mwalimu hamkawizi kwa kumfasiria kila neno, kwa kuwa ulimi mchanga hushika upesi na akili hukomaa baadaye. Lakini hakuna mwalimu mwenye insafu anayedhani kwamba kuhifadhi ndiyo mwisho wa kusoma, na mtu mzima anayesoma miaka thelathini pasipo kuuliza tafsiri amejinyima mwenyewe. Kata ni mahifadhi ya mwili. Waliotutangulia hawakuwa na picha za kutembea, wala wengi wao hawakuandika vitabu. Waliyoyajua juu ya kushikwa, kusukumwa, kupigwa na kujitoa waliyafunga katika mpangilio wa hatua, ili mwanafunzi ayabebe mwilini hata akiwa peke yake uani kwake usiku. Kuyafungua ndiyo kazi yetu, na kwa maoni yangu mkanda haukuwekwa kupima kitu kingine ila kiasi cha yaliyofunguliwa.

Tuchukue mfano ulio karibu. Katika mtindo wa karate uitwao Shotokan kata ya kwanza ni Heian Shodan, yenye miondoko 21. Mwanafunzi hugeukia kushoto akakinga chini kwa mkono wa kushoto, akasogea hatua moja na kupiga ngumi ya kulia, kisha akageuka nyuma kabisa na kukinga chini kwa mkono wa kulia. Hapo huja mwondoko wa nne, ambao wengi huufanya kwa namna ya pambo tu: mguu wa mbele huvutwa nyuma, mwili ukainuka, na mkono wa kulia ukazunguka juu ya kichwa na kushuka kwa ubavu wa ngumi. Mwulize mwanafunzi wa mkanda wa manjano kwa nini mguu umerudi, naye aghalabu atajibu kwamba ndivyo kata ilivyo. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mkono ule uliokinga chini umekamatwa. Mguu unarudi ili mwili mzima uvute pamoja na bega, mkono unazunguka upande wa kidole gumba cha aliyekushika, kwa kuwa hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu, na ukishatoka unamrudia kabla hajajikusanya. Mwambie mwenzako akushike kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote, si kwa urafiki, kisha ujaribu kujitoa bila kuurudisha mguu. Halafu ujaribu kwa kuurudisha. Baada ya hapo hutahitaji mtu wa kukukumbusha mwondoko wa nne, na kata yako itabadilika siku hiyo hiyo, kwa sababu mguu utarudi kwa haja.

Kadhalika ule mkono unaovutwa kiunoni kila ngumi inapotoka. Wanaoanza huambiwa kwamba huongeza nguvu ya ngumi, nao huvuta hewa miaka nenda miaka rudi. Kumbe katika miondoko mingi mkono huo una kazi ya kuvuta kitu, mkono wa nguo au mkono wa adui, ili aje kwenye pigo hali ya kuwa amepoteza mizani. Mwenye kuyajua haya huvuta kiwiko kwa namna nyingine kabisa, na mtahini mzoefu huiona tofauti hiyo kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Itosu ndiye aliyezitunga kata tano za Pinan, ambazo Funakoshi aliziita Heian, na ndiye aliyeiingiza karate katika skuli za Okinawa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwaka 1908 aliandika waraka wa mambo kumi juu ya karate, na miongoni mwa nasaha zake ni kwamba kila mwondoko ufanyiwe mazoezi mara nyingi pamoja na kupokea maelezo yake kwa mdomo wa mwalimu, na mwanafunzi ajue wakati gani hutumika na namna gani. Tena aamue iwapo anajizoeza kwa ajili ya afya ya mwili au kwa ajili ya wajibu. Waraka ule uliandikwa na mtu aliyekuwa akiwapeleka watoto wengi katika safu moja kwa amri moja, naye alijua hatari yake: kata hupita kwa wepesi kutoka mwili mmoja hadi mwingine, na maelezo hubaki nyuma. Palipo na watoto arobaini ukumbini na saa moja ya mazoezi, hatari ni ile ile hadi leo.

Kwa hivyo nasaha yangu ya kwanza ni hii: usijihesabu kuwa tayari kwa mtihani mpaka uwe umetoa katika kata ya daraja yako angalau miondoko mitatu, ukaifanya na mtu wa kweli anayekushika na kukupinga, ukaona inafanya kazi au, na hili si aibu, ukaona haifanyi kazi na ukamwendea mwalimu kumwuliza sababu. Mitatu yatosha kwa kuanzia. Aliyefungua mitatu kwa ukamilifu hujifunza namna ya kufungua, na mingine itamfuata. Lakini aliyesikia maelezo ya ishirini na moja katika jioni moja hatabaki na hata mmoja.

Nasaha ya pili ni juu ya mazoezi ya mtu peke yake. Wengi huifanya kata mara kumi kwa kasi moja, wakitweta, na kila mara wakiyakaza makosa yao. Ifanye mara ya kwanza polepole, ukisimama katika kila kituo na kukagua goti, nyonga, kiwiko na macho, kwa maana macho yapasa yageuke kabla ya mwili. Mara ya pili ukimtaja moyoni mtu aliye mbele yako katika kila mwondoko na alifanyalo. Mara ya tatu kwa kasi na nguvu zake. Kisha igeuze, uanzie kulia pale inapoanzia kushoto, nawe utaona kwa mshangao ni kiasi gani ulikuwa umeukariri ukuta badala ya kata. Badili pia pande za ukumbi. Mwanafunzi aliyezoea kioo mbele yake hupotea siku ya mtihani katika ukumbi usiokuwa na kioo, wala si kwa hofu peke yake. Na mwisho wa Heian Shodan tazama uliposimama: kata hiyo inakusudiwa kukurudisha pale ulipoanzia, na ukikuta umesogea hatua nzima, basi baadhi ya hatua zako ni ndefu na nyingine fupi, na kosa hilo umejionyesha mwenyewe bila mwalimu.

Wanafunzi wa judo nao wasidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Nage no kata, ambayo huombwa katika mitihani ya dan, ina miangusho 15 katika mafungu matano, kila mwangusho hufanywa kulia na kushoto, na hufanywa na watu wawili. Uzuri wake mkubwa, nionavyo mimi, umo kwa yule anayeangushwa: yeye ndiye anayeshambulia, ndiye anayetoa nguvu na mwelekeo, na akiruka mwenyewe kumsaidia mwenzake, kata nzima hugeuka uongo ingawa watazamaji wataipigia makofi. Mtu anayejiandaa kwa mkanda mweusi wa judo na achague mwenzi asiyeanguka bila sababu, na yeye mwenyewe, zamu yake ikifika, asianguke bila sababu.

Wapo wasemao kwamba kata haina faida kwa mwenye kupigana kweli, na hoja yao haifai kupuuzwa kwa kuwaita wakosefu wa adabu. Ni kweli kwamba kata peke yake haimfundishi mtu masafa, wala wakati, wala namna ya kustahimili pigo. Hayo hupatikana kwa kumite, pambano la karate, na kwa randori, pambano la mazoezi la judo, mbele ya mtu asiyetaka ushinde. Ndiyo maana mtihani wa karate uliopangwa vizuri una sehemu tatu, kihon (mbinu za msingi), kata na kumite, na asiyejimudu katika sehemu moja hafai kufichwa nyuma ya ubora wa nyingine. Lakini na wao wakumbuke kwamba mashindano huondoa mengi kwa ajili ya usalama, na hufanya vyema kuyaondoa: kuvunja viungo, kushika koo, kupiga goti. Mwenye kufanya mashindano tu hujifunza yale ambayo kanuni zimeyaruhusu. Yaliyobaki yamehifadhiwa katika kata, na pasipo kata yangekuwa yamekwisha kusahauliwa. Ama kata ya mashindano, kama ile iliyompa Kiyuna Ryo wa Okinawa dhahabu katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, ni sanaa yenye hadhi yake, nami huitazama kwa taadhima. Bali mwanafunzi asiige mapumziko yake marefu na kasi yake ya kushtua kabla hajawa na miguu ya kuvibeba.

Wazazi wana maswali yao, na mengi ni ya haki. Kabla ya kumwandikisha mtoto, muulize mwalimu mtihani hufanywa baada ya muda gani, ni nani anayetahini, ada ni kiasi gani kwa kila daraja, na mtoto asipofaulu hutokea nini. Baina ya mkanda mmoja wa chini na mwingine miezi mitatu hadi sita ya mazoezi ya kudumu ni jambo la kawaida, na mkanda mweusi wa mtu mzima huchukua aghalabu miaka kadhaa. Mahali panapoahidi mkanda mweusi kwa tarehe, au ambapo hakuna mtoto aliyepata kushindwa, au ambapo kila rangi imegawanywa kwa mistari na kila mstari una ada yake, panauza nguo. Mwalimu ana haki ya kuishi kwa kazi yake, na ada ya mtihani si dhambi, lakini ijulikane tangu mwanzo, wala isiwe ndiyo sababu ya mtihani. Nyumbani, usimwahidi mtoto zawadi kwa rangi mpya. Mwambie akuonyeshe mwondoko mmoja, umshike mkono kama atakavyokuelekeza, na umwache ajitoe. Atakwenda mazoezini kesho yake na swali kwa mwalimu wake, na swali hilo lina thamani kuliko zawadi yoyote.

Siku ya mtihani yenyewe mambo ni machache. Taja jina la kata kwa sauti ya kusikika, vuta pumzi, wala usianze kwa kukimbia. Ukikosea hatua usisimame, usitikise kichwa, usiangalie watahini kwa kuomba radhi. Endelea kwa moyo ule ule, kwa kuwa watahini wengi husamehe mguu uliopotea kuliko uso uliokata tamaa. Jiandae kuulizwa kata ya chini, maana mtahini mwerevu hupenda kuiomba Heian Shodan kwa mwenye mkanda wa kahawia, na hapo hudhihirika ni nani aliyeitupa kata yake ya zamani mara alipopata mpya. Ukianguka katika mtihani, ngoja siku mbili tatu hasira itulie, kisha umwendee mwalimu umwulize jambo moja au mawili, si zaidi, ya kufanyia kazi mpaka mtihani ujao, na uyaandike.

Kwa walimu nina ombi moja ambalo linaniuma kuliko yote. Msimpandishe mtu kwa kumhurumia, wala msimzuie kwa sababu hamkupendezwa na kauli yake. Lakini mwenye umri mkubwa, au mwenye goti lililoumia, apimwe kwa kile mwili wake unachoweza kukitoa. Mzee asiyeweza kuinua teke la juu anaweza kuifungua Naihanchi, kata isiyo na teke la juu hata moja, kwa kina ambacho kijana wa miaka ishirini hajakifikiria. Mtahini na amshikishe mwenzi mikono ya mzee huyo, aombe mwondoko wowote, aone. Nimeona watu wa namna hiyo wakiachwa katika mkanda wa kahawia kwa miaka kwa sababu ya teke, nami naliona jambo hilo kuwa dhuluma.

Limebaki suala la mwenye kuhama. Mtu hutoka Mombasa kwenda Dar es Salaam kwa kazi, au hutoka Dar kwenda Muscat, akaingia dojo la watu asiowajua na mkanda wake begani. Asiufunge kabla ya kumwuliza mwalimu wa pale afunge upi, na akiambiwa afunge mweupe aufunge bila kununa, kwa kuwa aliyoyafungua katika kata hayavuliwi pamoja na kitambaa. Pengine atakuta wanaifanya kata aliyojifunza kwa jina la Heian Shodan, nao wanaiita Pinan Nidan, kwa sababu Funakoshi alizibadilishia nafasi zile mbili za mwanzo alipozipa majina yake. Na atakuta mguu unakanyaga mahali pengine, na kiwiko kinapita njia nyingine. Asibishane ni ipi iliyo sahihi. Na amwombe mmoja wao amshike mkono katika mwondoko ule wa nne, amwonyeshe wao wanajitoaje.